NYUMBA NA VIJANA: Sikio Kwanza, Kadi ya Sauti Baadaye



Mwezi huu tumeletewa barua na mzee mmoja wa Urambo, mkulima, baba wa watoto sita. Barua ni ndefu, nasi twaifupisha kwa maneno yetu. Kijana wake wa pili amemaliza kidato cha nne na sasa angoja majibu. Baba yake mdogo aliyeko Dar es Salaam amempa kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, naye kijana hucheza humo michezo, mara peke yake, mara pamoja na wenzake. Ameomba ya kuwa katika fedha ya mavuno ya tumbaku atolewe fungu anunuliwe kadi ya sauti na hedifoni kubwa. Hoja yake ni kwamba bila vitu hivyo hasikii nyayo za adui katika mchezo, na kwa hiyo kila siku yeye ndiye wa kwanza kushindwa. Mama yake asema huo ni upuuzi mtupu.

Mzee auliza mambo mawili. La kwanza: je, vitu hivi vina maana, au ni ujanja wa wafanya biashara? La pili ameliweka mwisho kabisa wa barua, kana kwamba si kitu: mbona kijana huyu siku hizi akiitwa mara ya kwanza haitiki? Mzee adhani ni utovu wa adabu, na tayari amekwisha kumkaripia.

Tutajibu yote mawili. Lakini tumwambie mzee wetu mapema, la pili ndilo zito.

Tena tuseme neno kwa wale watakaouliza kwa nini ukurasa huu unazungumza habari ya michezo. Hatukukusudia kutoa hukumu juu ya michezo ya kompyuta, ipi yafaa na ipi haifai. Hayo yana wenyewe, nao ni wanazuoni. Sisi twazungumza habari ya mali itokayo mfukoni mwa baba, na habari ya sikio la mtoto. Vitu hivi viwili ni amana, na amana haichezewi.

Trekta na ardhi

Mzee wetu akaa katika nchi ambayo yajua vizuri msiba wa kununua kabla ya kupima. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha ule mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Urambo ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Zililetwa trekta kwa wingi, na hata vifaru vilivyotoka vitani vikageuzwa kuwa trekta, kabla ardhi haijachunguzwa na mvua haijahesabiwa kama ipasavyo. Ilipofika mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Fedha zilikuwapo, na mashine zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwanza: ardhi hii yataka nini?

Basi, ewe kijana, kadi ya sauti ni kama trekta, na sikio lako ndilo shamba. Usinunue trekta kabla hujalitazama shamba.

Nami nasema hayo nikiwa nimekwisha kuonja. Zamani, nilipokuwa kijana, nilikuwa na kompyuta ambayo sauti yake ilikuwa na mvumo kama wa nyuki. Muuzaji mmoja akaniapia ya kuwa dawa yake ni kadi ya sauti. Nikajinyima miezi mitatu, nikainunua, nikaifunga. Mvumo haukuondoka. Baadaye rafiki yangu akachukua hedifoni zangu, akaupinda waya wake karibu na plagi, na papo hapo mvumo ukanyamaza. Waya ulikuwa umekatika ndani. Kwa waya wa bei ya chai na maandazi nilikuwa nimetoa akiba ya miezi mitatu. Kadi ile haikuwa mbovu, nami sikuibiwa. Nilinunua jibu kabla ya kulijua swali.

Kadi ya sauti ni kitu gani?

Ndani ya kompyuta sauti zote ni hesabu tu, tarakimu zimepangwa safu safu. Kazi ya kadi ya sauti ni kuzigeuza tarakimu zile kuwa umeme unaotikisika, na kazi ya hedifoni ni kuugeuza umeme ule kuwa mtikisiko wa hewa, ambao ndio sauti ifikayo sikioni. Kwa upande wa kipaza sauti mambo huenda kinyume: sauti yako hugeuzwa umeme, na umeme hugeuzwa tarakimu, ili mwenzako aliye mbali akusikie.

Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi za nyumbani za namna hii hazikuwa na kadi. Zilikuwa na kispika kidogo kilichoweza kulia kama kengele ya mlango tu. Mwaka 1987 ikatokea kadi ya AdLib ya Kanada, iliyoweza kupiga muziki. Na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa kadi yake iitwayo Sound Blaster, iliyoweza kutoa muziki na sauti za watu na vishindo pamoja. Siku zile mchezaji aliyekuwa na kadi na mchezaji asiyekuwa nayo walikuwa kama mwenye macho na kipofu. Kununua kadi kulikuwa jambo la akili.

Lakini mambo yamegeuka. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuitia kazi ya kadi katika ubao mkuu wa kompyuta wenyewe, na mwaka 2004 ukatoka utaratibu mpya ulio bora zaidi, ambao ndio msingi wa sauti ya kompyuta nyingi hata leo. Tena zamani kadi ilikuwa ikiisaidia kompyuta kupiga hesabu za sauti, ikijua hii yatoka mbele, hii yatoka nyuma. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, iliifunga njia ile ya zamani, na tangu hapo michezo kwa kawaida hupiga hesabu hizo yenyewe. Kwa hiyo kadi ya leo haimwonyeshi kijana adui ambaye kompyuta yake haikumwona. Yaweza kuitoa sauti safi zaidi na yenye nguvu zaidi, basi.

Hapana budi kulifahamu jambo hili, kwa sababu nasaha nyingi zinazorudiwa madukani zilikuwa kweli kwa baba zetu wa mwaka 1992, na leo si kweli tena.

Majaribio matatu kabla ya kutoa shilingi

Kwanza, jaribio la mvumo. Vaa hedifoni yoyote uliyo nayo, usifungue sauti yoyote, usikilize kimya. Ikiwa ni kimya kweli, kompyuta yako haina ugonjwa, na kadi haitakuongezea kitu utakachokitambua. Ukisikia mvumo au mkwaruzo, usikimbilie dukani. Ikiwa umechomeka mbele ya kompyuta, hamia tundu la nyuma, maana waya wa mbele hupita katikati ya mashine na huokota kelele njiani. Jaribu hedifoni ya mwenzako. Ikiwa kompyuta ni ya mapajani, ichomoe katika umeme itumie betri. Mvumo ukinyamaza, kosa li katika chaja, au nyumba haina waya wa ardhi uliofungwa vizuri, na hilo ni la fundi umeme, tena ni la usalama wa nyumba nzima. Yote hayo yakishindikana, hapo ndipo kadi ndogo ya nje, ile ya kuchomeka katika tundu la USB, inapokuwa dawa. Kwa kuwa imekaa nje ya mashine, mbali na kelele zake. Kadi ndogo ya namna hiyo, isiyo na mapambo, yatosha. Kadi kubwa ya kufunga ndani ya kompyuta ina gharama zaidi, na hubaki pale pale penye kelele.

Pili, jaribio la nguvu. Ikiwa sauti ni dhaifu hata ukiifungua kwa kiasi kikubwa, tazama hedifoni yenyewe. Hedifoni huandikwa ukinzani wake kwa ohm. Zilizo kati ya 16 na 64 kwa kawaida huendeshwa na kompyuta yoyote bila taabu. Zilizoandikwa 250 au zaidi zimetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya studio, nazo zataka kikuza sauti chake. Kwa hiyo nunua hedifoni nyepesi kuendesha, nawe umejiepusha na gharama ya pili.

Tatu, jaribio la upande. Fungua mchezo, simama mahali pamoja, mwambie mwenzako azunguke. Je, waweza kufumba macho ukamwonyesha kwa kidole? Kama kulia yasikika kushoto, pengine umevaa kinyume; tazama herufi L na R. Kama sauti zote ni za katikati, pengine mpango wa sauti katika Windows umewekwa vibaya. Makosa haya hurekebishwa bila fedha.

Masikio mawili yatosha

Hapa pana ujanja mkubwa wa biashara, nao ni ile alama ya 7.1 iandikwayo juu ya maboksi. Maana yake ni spika saba na moja ya mizito, zilizopangwa kuzunguka chumba. Muuzaji atakuambia ya kuwa hedifoni hii ina spika saba, na kwa hiyo utasikia pande zote.

Lakini wewe una masikio mangapi? Wazee wa nchi hii walipokuwa wakisafiri na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora kupita Urambo kwenda Ujiji, walikuwa wakipita katika miombo ambamo jicho halifiki mbali. Kirangozi alikwenda mbele, na ngoma na baragumu viliwaambia walio nyuma ya mlolongo wa wapagazi kwamba safari imeng'oa au imetua. Aliyebaki nyuma akachepuka njia aliifuata sauti, akafika. Hakuwa na masikio saba. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia kwanza, na la kushoto baadaye kidogo, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena hufika sikio la mbali ikiwa hafifu, kwa kuwa kichwa kimeizuia. Kisha mikunjo ya sikio la nje huibadili sauti kidogo kulingana na inakotoka, juu au chini, mbele au nyuma. Akili huzipima tofauti hizi pasipo wewe kujua, ikakwambia: yupo pale.

Basi kompyuta ikijua kuziiga tofauti hizo, spika mbili tu, moja kila sikio, zatosha kukuletea pande zote. Michezo mingi ya siku hizi ina mpango huo ndani yake. Na Windows 10 na 11 zina mpango uitwao Windows Sonic, ambao ni wa bure na umo tayari; ubonye kwa kitufe cha kulia picha ya spika chini ya kioo, uutafute. Ila usiwashe miwili kwa mara moja, wa mchezo na wa Windows. Maana sauti iliyokwisha kupangwa ikipangwa tena huvurugika, na nyuma hugeuka mbele. Jaribu mmoja, kisha mwingine, ushike ulio bora kwa sikio lako. Nalo neno hilo, "kwa sikio lako", si maneno ya heshima tu. Umbo la sikio hutofautiana mtu na mtu, na kilicho wazi kwa mwenzako chaweza kuwa fumbo kwako.

Tena, mchezo wenyewe una sehemu yake. Anayecheza mpira wa miguu hana haja ya kujua nyayo zatoka wapi, kioo chote ki mbele yake. Mwenye haja hiyo ni mchezaji wa michezo ya kuviziana, kama Counter-Strike.

Namna ya kuchagua hedifoni

Ikiwa fedha ni shilingi kumi, nane ziende katika hedifoni, na mbili ziwekwe akiba kwa kadi ndogo ya nje, ikiwa jaribio la mvumo limeonyesha haja. Ikiwa haja haikuonekana, mbili zirudi kwa mama.

Hedifoni kubwa za kufunika sikio ni za namna mbili. Zipo zilizo wazi nyuma, ambazo hupitisha hewa, hazichomi sikio, na sauti yake hupanuka vizuri. Lakini sauti hutoka nje ikawasumbua waliolala, na kelele za nje huingia. Na zipo zilizofungwa nyuma. Hizi hupata joto zaidi, lakini huzuia kelele.

Kwa nyumba nyingi za kwetu twapendekeza zilizofungwa, na sababu yake si mchezo, ni afya. Fikiri mwezi wa Januari katika Urambo, mvua yapiga bati; au jirani anawasha jenereta; au mashine ya kusaga iko ng'ambo ya njia. Mwenye hedifoni iliyo wazi ataipandisha sauti ili ishinde kelele ile, kisha mvua itakoma naye atasahau kuishusha. Mwenye iliyofungwa atasikia vizuri kwa sauti ndogo.

Tazama na haya. Uzito: ikizidi gramu 350 shingo itakuambia baada ya saa moja. Mto wa sikio: uwe laini, na uweze kubadilishwa ukichakaa. Waya: ulio bora ni ule unaochomoka pande zote mbili, ili ukikatika ununue waya, si hedifoni. Plagi: nyingi zina plagi moja yenye pete tatu, inayobeba masikio na kipaza sauti pamoja, hali kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikia na la waridi la kusema, kiunganishi kidogo cha bei nafuu huyapatanisha. Zenye plagi ya USB zina kadi yake ndogo ndani, na mwenye kuinunua hiyo hana haja ya kadi nyingine kabisa. Wengi hawalijui hili, wakanunua kadi na hedifoni ya USB pamoja, na kadi ikakaa bure kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Zisizo na waya zitumiazo Bluetooth ni nzuri kwa kusikiliza mawaidha ukipika au ukitembea, lakini si nzuri kwa mchezo wa mbio. Sauti aghalabu huchelewa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukifungua kipaza sauti chake, mara nyingi sauti yote huwa kama ya simu. Zile zinazokuja na kichomeko chake kidogo cha USB huchelewa kidogo zaidi, lakini bei yake ni kubwa na betri yake huzeeka. Waya hauna betri ya kuzeeka.

Mwisho, jihadhari na bidhaa bandia. Mtu aliyeko Urambo mara nyingi huagiza Kariakoo kwa mkono wa mwingine, na kitu hufika kwa basi au kwa gari moshi akiwa hajakiona. Agiza kwa jina na namba kamili ya mtindo, dai risiti, na mwombe aliyekununulia akivae kabla ya kulipa. Jina kubwa kwa bei ya karanga si bahati. Ni jina tu lililobandikwa.

Swali la mwisho wa barua

Sasa tumjibu mzee wetu lile aliloliona dogo. Kijana akiitwa mara ya kwanza haitiki.

Ndani ya sikio, katika kifundo kilichojikunja kama konokono, mna chembe zenye nywele laini, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Hizo ndizo zinazopokea mtikisiko na kuupeleka ubongoni. Kelele kubwa, au kelele ya wastani kwa saa nyingi, huzichosha, na zikichoshwa mno hufa. Katika mwanadamu chembe hizo hazioti tena. Hakuna mavuno ya pili. Nazo hazifi kwa kishindo. Hufa kidogo kidogo, zikianza zile zinazosikia sauti nyembamba, kwa hiyo mtu husikia kwamba ameitwa asitambue ni neno gani, au husikia filimbi masikioni usiku hali nyumba ni kimya.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo. Mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kwa mtoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Lakini kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu. Sauti ikifika desibeli 90, saa 40 huwa 4; ikifika 100, huwa dakika 20 tu kwa juma zima. Shirika hilo lasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kwa namna wanavyosikiliza. Mwaka 2024 uchunguzi wa kitabibu uliokusanya tafiti 14 na watu zaidi ya 50,000 uliona ya kuwa wachezaji wa michezo hii mara nyingi hukaribia au huzidisha kipimo cha usalama. Na mwaka 2025 Shirika likatoa, pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, kanuni za usikilizaji salama kwa michezo ya kompyuta hasa. Si jambo la kubahatisha tena.

Mkoa wa Tabora wajua thamani ya sikio. Mwaka 1963 ilifunguliwa mjini Tabora shule ya viziwi, nayo ilikuwa ya kwanza katika nchi nzima. Watoto waliosoma huko wana lugha yao ya alama, wana elimu yao na heshima yao, wala hatuwataji kwa kuwahurumia. Twawataja kwa sababu wazazi wao wengi wangetoa ng'ombe na shamba ili wapate kile ambacho kijana mwingine akipoteza kwa mkono wake mwenyewe, usiku, akikisukuma kile kitufe cha sauti juu.

Basi, mzee wetu, usimkaripie tena kabla hujampima. Mngoje asubuhi, hana hedifoni, ameketi amekupa mgongo. Simama hatua tano nyuma yake, umwite kwa sauti ya kawaida. Akigeuka, msikio wake pengine ni mzima, na dawa ni mazungumzo ya adabu kati yako naye. Asipogeuka, usidhani ni kiburi. Mpeleke kwa daktari wa masikio. Yaweza kuwa ni nta tu imeziba, au ugonjwa wa sikio unaotibika. Yaweza kuwa ni kelele. Daktari ndiye ajuaye. Ila asichokoe sikio kwa njiti wala asitie mafuta ya kubahatisha.

Na wewe kijana, shika mambo manne. Kwanza, weka sauti nyumba ikiwa kimya, isipite sehemu sita katika kumi, kisha usiiguse hata mchezo ukiwa mkali kiasi gani. Pili, kama nyayo hazisikiki, usipandishe vyote; shusha muziki ndani ya mchezo, na utafute katika mipango ya sauti ya kompyuta ule wa kusawazisha, unaoinua sauti ndogo na kuishusha mizinga. Wanaosikia nyayo vizuri aghalabu ni wale waliopunguza kelele nyingine. Tatu, kila saa moja vua hedifoni, pumzisha sikio, utoke nje uwasalimu watu. Nne, ukisikia filimbi masikioni baada ya mchezo, hiyo ni ilani. Ukiipuuza leo, kesho itakaa.

Tena hedifoni iliyofungwa inayozuia mvua huzuia na adhana, na huzuia sauti ya mama anayeomba maji. Kwa hiyo iwekwe kengele ya simu mbele ya macho kwa nyakati za swala, na kompyuta ikae mahali ambapo mtu aingiaye aonekana. Kuziba masikio kwa saa moja ya mchezo si neno. Kuyaziba kwa wazazi ni neno kubwa.

Jibu letu kwa ufupi

Mzee, kadi ya sauti usinunue sasa. Kijana afanye majaribio matatu mbele yako, akuonyeshe. Mvumo usiosikia dawa ukionekana, mpe ya kadi ndogo ya nje. Hedifoni mnunulie, moja nzuri, iliyofungwa, yenye waya unaochomoka, kwa fedha isiyogusa ada wala chakula. Na siku atakapoivaa mara ya kwanza, iazime uivae wewe, umwambie akufungulie mchezo kwa sauti anayoitumia yeye kila siku. Ukivumilia, mwachie. Usipovumilia, muulize kwa upole: mwanangu, ni tangu lini sauti hii imekuwa ndogo kwako?

Swali hilo litamfundisha kuliko makaripio yetu yote.

Wabillahi tawfiq.